Je, Wajua? Kompyuta ya Kayanga, Betri Yake na Hesabu za Malaria

Je, wajua kwamba kompyuta mpakato iliyowashwa mezani Kayanga, Karagwe, haina kazi wala mtu, inaweza kumpigia hesabu mtafiti aliye Toronto? Programu ya bure iitwayo BOINC, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2002, ndiyo inayowaunganisha. Unachagua mradi, mashine inapokea kipande kidogo cha kazi kubwa, inakishughulikia, inarudisha jibu. Kipande kilekile mara nyingi hupelekwa pia kwa mtu mwingine, na majibu mawili yakilingana ndipo yanakubaliwa.

Wajua kwamba malaria ya Afrika imewahi kupigiwa hesabu kwa njia hiyo? Mradi wa malariacontrol.net, chini ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, ulianza kwa majaribio mwaka 2005 na ukafungwa 2016. Watu wa kawaida waliazima kompyuta zao kuiga maisha ya jamii nzima: mbu anauma, mtoto anaugua, chandarua kinatundikwa, dawa inatolewa, kisha miaka inasogezwa mbele kuona nani amepona. Taasisi hiyohiyo ndiyo iliyofungua maabara Ifakara miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na takwimu za mbu wa bonde la Kilombero ni miongoni mwa zilizoingia katika modeli hiyo.

Na wajua kwa nini jambo hili liwaguse watu wa wilaya za Karagwe na Kyerwa kuliko wengine? Uchunguzi wa vimelea uliofanyika mwaka 2021 katika mikoa 13 ya Tanzania uliyakuta Kagera mabadiliko ya kijeni yaitwayo R561H, yanayovifanya vimelea vichelewe kufa mbele ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto. Karagwe ndiko yalikoonekana kwa wingi zaidi: zaidi ya sampuli moja katika kila tano. Dawa mseto bado zinaponya, kwa hiyo anayeandikiwa ameze dozi yote. Lakini dawa mpya zinahitajika, na kuzitafuta kunaanza na kompyuta kupima mamilioni ya molekuli. Mwaka 2011 mpaka 2013 mradi wa GO Fight Against Malaria wa Taasisi ya Scripps ulifanya kazi hiyo kwa mashine za kujitolea tupu.

Mvua nayo? Oktoba 2019 Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, kilizindua mradi wa kuiga mvua ya Afrika kusini mwa Sahara kupitia mtandao wa kompyuta za kujitolea uitwao World Community Grid. Bara lilikatwa vipande vidogo zaidi ya 35,000. Mvua zetu nyingi ni za mawingu madogo yanayomwagika kijiji hiki na kuruka kile, jambo ambalo mkulima wa maharage wa Nyaishozi hahitaji kufundishwa; modeli za dunia nzima hulipita juujuu.

Sasa betri, maana hapa ndipo wengi huumia.

Wajua kwamba prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zote, kompyuta ya kawaida inaweza kula wati 40, na betri yake ina uwezo wa kama wati-saa 50? Itaisha ndani ya saa moja na robo. Betri nyingi za lithiamu hutengenezwa kwa mizunguko 300 mpaka 500 ya kujaa na kuisha, na baada ya hapo uwezo umepungua kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana BOINC, usipoigusa mipangilio yake, husimama yenyewe chaja ikichomolewa. Usiibadilishe hapo.

Wajua kwamba kuchomeka muda wote nako si salama ya kutosha? Adui mkubwa wa lithiamu ni joto likikutana na betri iliyojaa pomoni. Kompyuta inayopiga hesabu usiku kucha ikiwa asilimia 100 inaipikia betri ndani ya kasha. Mashine nyingi za karibuni zina mpangilio wa kuzuia chaji isivuke asilimia 80, uwashe. Kisha ingia BOINC upunguze viini vya prosesa vinavyotumika, nusu inatosha. Kwenye Windows, kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100 hadi 99 huzima mbio za ziada kwenye mashine nyingi, na utasikia feni ikitulia papo hapo. Mimi ningeanza na hilo kabla ya lolote.

Karagwe ina bahati yake: sehemu kubwa iko zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari, na usiku wake wa baridi ni nafuu kwa betri kuliko mchana wa Dar es Salaam. Tatizo ni vumbi jekundu la kiangazi. Linajazana kwenye mapezi ya feni, hewa haipiti. Funua, pulizia, na usiiweke mashine juu ya godoro.

Wajua afya ya betri inasomeka? Kwenye Windows andika powercfg /batteryreport katika dirisha la amri. Inatoka ripoti yenye namba mbili: uwezo iliyozaliwa nao na uwezo inaojaa sasa. Ya kwanza ikiwa 48,000 na ya pili 36,000, imebaki asilimia 75. Piga ripoti leo, piga tena baada ya miezi mitatu. Lakini ukiona pedi ya kipanya imeinuka au kasha limeachana pembeni, betri imevimba: zima, chomoa, peleka kwa fundi. Sayansi itasubiri.

LUKU je? Wati 40 usiku na mchana kwa siku 30 ni karibu uniti 29. Mteja wa nyumbani wa daraja la D1 hulipa Sh100 kwa uniti, kabla ya kodi, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Zikizidi hapo kila moja ni Sh350. Aliyekuwa akitumia 60 atavuka mpaka bila kujua. Saa nane za usiku pekee ni uniti 10 hivi, na yuko salama.

Wajua kwamba mkabala na Murongo, wilayani Kyerwa, Mto Kagera unazungusha mtambo wa Kikagati wa megawati 14, ambao umeme wake Tanzania na Uganda zinagawana? Na kwamba Kyerwa inachimba bati, madini ambayo karibu nusu ya matumizi yake duniani ni lehemu, ile inayoshikilia vipande ndani ya kompyuta?

Umeme ukikatika, kazi haipotei yote: programu huhifadhi ilipofikia na kuendelea hapo. Bando nalo unaweza kuliwekea ukomo wa megabaiti kwa siku unazotaka.

Asiye na kompyuta atumie simu ya Android. Humo BOINC husubiri chaja ichomekwe, Wi-Fi iwepo na betri ifike asilimia 90, na simu ikipata moto inaacha kazi mpaka ipoe.