Fahamu: Nani aamue mtu amekufaje?

Katika kaunti nyingi za California, Marekani, daktari hupasua maiti, lakini sherifu, mkuu wa polisi anayechaguliwa kwa kura, ndiye huamua kama kifo ni ajali, kujiua au kuuawa. Mahabusu akifia mikononi mwa askari wa sherifu, bosi wao ndiye mwamuzi. Hiyo si haki hata kidogo. Desemba 2017 Dkt. Bennet Omalu, mwanapatholojia (daktari mpasua maiti) mzaliwa wa Nigeria, alijiuzulu kazi katika Kaunti ya San Joaquin, California, akidai sherifu aliingilia kazi yake; sherifu alikanusha. Mwaka 2018 kaunti hiyo iliamua kuanzisha ofisi huru ya kuchunguza vifo chini ya daktari. Bunge la jimbo nalo likapitisha mswada SB 1303, uliolenga kupunguza mamlaka hayo ya sherifu katika kaunti zenye watu 500,000 au zaidi. Gavana Jerry Brown aliukataa: kaunti zijiamulie zenyewe.