Mtoto Anayesimama Pembeni mwa Uwanja

Kila mara mashindano ya UMITASHUMTA yanapokaribia, shule zetu za msingi huamka. Mwalimu wa michezo huchagua wachezaji wake hodari, na jioni uwanja hujaa vumbi na vifijo. Jambo hilo ni jema, wala hatulipingi. Lakini twauliza: je, mamia ya watoto wasiochaguliwa wafanya nini? Husimama pembeni wakipiga makofi.

Bingwa ana wa kumsemea. Sisi twamsemea yule mtoto wa darasa la pili ambaye mpira ulimpita mikononi, wenzake wakacheka, na tangu siku hiyo akajiona si mtu wa kucheza. Kudaka, kurusha, kuruka na kusimama imara kwa mguu mmoja ni ustadi unaofundishwa na kurudiwarudiwa, kama vile kuandika. Mtoto asiyejua kusoma hatumtoi darasani. Kwa nini basi asiyejua kudaka tumtoe uwanjani?

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, lataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za kuutumikisha mwili hata moyo uende mbio. Wala ukosefu wa vifaa si udhuru. Mchezo wa rede wahitaji mpira wa matambara, chupa na mchanga tu. Aliye katikati huukwepa mpira huku akijaza chupa, na hapo hujifunza wepesi, utulivu wa macho na ujasiri wa kukabili wanaomlenga. Wasichana wetu waujua mchezo huo kuliko mwalimu yeyote. Angewaomba tu wamfundishe.

Linalotuudhi ni kipindi cha michezo kugeuzwa kuwa cha hesabu mtihani unapokaribia, na viwanja vya shule kumegwa kwa vibanda vya biashara. Hatuwalaumu walimu peke yao. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 wanafunzi wameongezeka sana, na sisi wazazi tumezoea kuipima shule kwa alama tu.

Basi katika mkutano ujao wa kamati ya shule, ndugu mwanachama na aulize maswali mawili: kipindi cha michezo kilifanyika wiki iliyopita? Mipaka ya uwanja imepimwa? Kisha apite uwanjani, awahesabu walio pembeni.