Mwana akipenda jukwaa, msaidie kuchagua somo la pili

WAZAZI wengi wa Bondo hawana neno mtoto anapoimba. Hushangilia kwaya ya shule inaporudi na kikombe kutoka Tamasha za Muziki za Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1927. Maneno huanza mtoto huyo huyo anapotangaza kwamba atasomea muziki au uigizaji chuoni. Baba hununa. Mama huuliza kwa upole, "Halafu utakula nini, mwanangu?"

Swali hilo si la dharau. Karo nyingi katika ufuo huu wa ziwa hutoka kwa samaki, mahindi na biashara ndogo ndogo, na nyuma ya anayeingia chuo huwa kuna wadogo wanaosubiri zamu yao. Hata hivyo, kumkataza si dawa. Jambo la busara ni kumsaidia apate somo la pili litakalokwenda sambamba na sanaa yake.

Wazee wa Waluo walilifahamu jambo hili. Mpiga nyatiti, ala ya nyuzi nane, alituzwa kwa pakruok: msikilizaji alisimamisha wimbo, akatoa pesa, kisha akajisifu na kuwasifu rafiki zake. Fedha hizo zilikuja na sherehe. Siku zisizo na sherehe, shamba na mifugo vilimngoja.

Mlango wa ualimu

Kwa kijana wa leo, njia inayojulikana zaidi ni ualimu. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, humtaka mwalimu wa shule ya upili awe na masomo mawili ya kufundisha, na katika KCSE awe amepata angalau C+ katika kila moja. Kwa hivyo mwanafunzi wa muziki hana budi kuchagua la pili. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa kuandika lolote ili fomu ijae.

Muziki ni somo la hiari, nazo shule zinazoufundisha ni chache. Kiswahili, Kiingereza na hisabati ni lazima kila shule. Anayeunganisha muziki na mojawapo ya hayo ana nafasi pana zaidi ya kutafuta kazi, na akifika shuleni ndiye atakayekabidhiwa kwaya.

Hayati Francis Imbuga, mzaliwa wa Maragoli, ni mfano mwema. Alikuwa mwigizaji na mwandishi wa tamthilia, na wakati huo huo mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mchezo wake Betrayal in the City ulichapishwa mwaka wa 1976, na mwaka uliofuata ukaiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC mjini Lagos. Darasa halikuua jukwaa.

Nyuma ya pazia

Si kila msanii ana wito wa kushika chaki. Lupita Nyong'o, ambaye kwao ni Seme, Kaunti ya Kisumu, alianza kwa kazi za nyuma ya kamera katika filamu ya The Constant Gardener iliyotoka mwaka wa 2005. Mwaka wa 2009 alitengeneza mwenyewe filamu ya hali halisi, In My Genes, kuhusu Wakenya wenye ualbino. Ndipo akaenda kusomea uigizaji Yale, na mwaka wa 2014 akatwaa tuzo ya Oscar.

Hata kikundi cha ohangla kinachozunguka arusini na matangani kinahitaji mtu wa kuandika mapatano, kugawa malipo na kutengeneza vipaza sauti. Uhasibu, umeme, kompyuta au uanahabari ni masomo yanayomfaa msanii katika kazi yake mwenyewe.

Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli, ikiwa hizo mbili zinavutana. Mazoezi ya mchezo huwa jioni. Somo lenye saa nyingi za maabara laweza kumchosha kijana akaanguka kotekote. Kabla ya kujaza fomu, basi, ajiulize: Je, somo hili nililifanya vyema shuleni? Laajiri watu huku kwetu? Ratiba zake hazigongani na za sanaa? Nikilifanya miaka mitano bila jukwaa, nitalichukia? Maswali hayo ayapeleke pia kwa idara yenyewe. Maseno, ambako si mbali, wana idara ya muziki na sanaa za maonyesho.

Uamuzi sasa huanza mapema. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa gredi ya 10 wanasoma kwa mikondo, na mmoja wao ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mzazi asingoje barua ya chuo ndipo aanze mazungumzo.

Baba, ukikubali muziki, usilipe somo la pili kama adhabu. Nawe kijana, usilisome kama adhabu. Siku ukumbi utakapokuwa mtupu, ndilo litakalolipa kodi ya nyumba mpaka mwaliko mwingine ufike.