Ukoko wa Balangida na Barafu ya Baharini

Ukisimama wakati wa kiangazi kwenye ukingo wa nyanda za juu za Mbulu na kutupa macho chini, upande wa Mlima Hanang, utaona uwanda mweupe unaometameta juani. Mgeni aweza kudhani kuwa ni barafu. Hilo ni Ziwa Balangida, ziwa la maji ya chumvi lenye kina kifupi, ambalo jua linapozidi hukauka na kuacha ukoko wa chumvi juu ya tope.

Wenyeji hawadanganyiki na weupe huo. Kwa miaka mingi chumvi imechotwa huko kwa ajili ya chakula na mifugo, na mchotaji ajua kuwa uso mkavu si lazima uwe mgumu. Hutazama kwanza, ndipo akanyage.

Desturi hiyo ya kutazama kabla ya kukanyaga ndiyo roho ya kazi moja ifanywayo mbali sana nasi, katika bahari zinazoganda kwenye ncha za dunia. Tuieleze kazi hiyo, kisha tuone inatuhusu nini.

BARAFU HUTAZAMWAJE?

Maji ya bahari, kwa kuwa yana chumvi, hayagandi upesi kama maji ya mtungini. Huganda baridi ifikapo karibu nyuzi 1.8 chini ya sufuri katika kipimo cha Selsiasi. Kwanza hutokea chembe ndogo ndogo, kisha kitu kama uji, halafu visahani vinavyogongana hadi kingo zake zikainuka. Hatimaye hushikana na kuwa mabamba mapana. Barafu ya mwaka mmoja aghalabu haizidi unene wa mita mbili. Wala haitulii: upepo na mikondo huyasukuma mabamba, mara yakapandana na kufanya matuta, mara yakaachana na kufungua nyufa.

Kwa hiyo katika meli za utafiti huwekwa watu wa zamu. Kila saa mtazamaji husimama juu, penye chumba cha nahodha, akajiuliza maswali yale yale. Katika sehemu kumi za bahari niionayo, ngapi zimefunikwa na barafu? Ni ya aina gani? Ina matuta? Ina theluji juu yake? Unene huukadiria kwa kutazama vipande vinavyopinduka ubavuni mwa meli, akivilinganisha na kipimo kilichoning'inizwa hapo. Majibu yote huandikwa daftarini pamoja na saa na mahali. Meli ikisimama, wenzake hushuka, wakatoboa barafu kwa keekee na kuteremsha futikamba.

Utauliza: je, setilaiti hazitoshi? Ni kweli kuwa tangu mwaka 1979 setilaiti zimekuwa zikiipima barafu hiyo bila kukoma, na ndizo zilizotuonyesha kuwa Septemba 2012 barafu ya bahari ya kaskazini ilipungua hadi kilomita za mraba kama milioni 3.4, kiasi cha chini kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa kwa njia hiyo. Lakini setilaiti huona eneo kubwa kutoka mbali. Ufa mdogo ulio chini ya miguu ya mtu huonwa na mtu aliye pale pale. Ndiyo maana mwaka 2019 meli ya Kijerumani Polarstern iliachwa igandishwe makusudi katika barafu ya kaskazini, ili wataalamu waitazame kwa karibu majira hata majira hadi mwaka 2020.

USIKU WA APRILI 1916

Thamani ya jicho lililo karibu ilidhihirika katika safari ya Mwingereza Ernest Shackleton kwenye bahari ya kusini. Meli yake, Endurance, ilinaswa na barafu Januari 1915, ikabanwa hadi ikavunjika, na ikazama Novemba mwaka huo. Yeye na wenzake 27 waliishi miezi kadhaa juu ya mabamba ya barafu, wakiweka zamu za kulinda nyufa.

Usiku wa tarehe 9 Aprili 1916, Shackleton aliingiwa na wasiwasi akatoka hemani. Alipokuwa akienda kumwonya mlinzi atazame nyufa vizuri, bamba lilipasuka chini ya hema la mabaharia, na mmoja wao akatumbukia majini akiwa ndani ya mfuko wake wa kulalia. Shackleton alimvuta kabla nyufa hazijafungana tena. Watu wote 28 walirudi makwao hai.

MSIBA WA KATESH

Sisi nasi tumeonja uchungu wa ardhi iliyodhaniwa kuwa imara. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom vikiwamo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji, ikamegeka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutabiri vuli yenye mvua nyingi. Lakini utabiri, kama setilaiti, husema habari za eneo kubwa. Hauwezi kukuambia kuwa korongo lililo nyuma ya nyumba yako limeanza kubadilika. Hilo lahitaji jicho la aliye karibu.

Hivyo basi, waishio chini ya milima wazitambue dalili: nyufa mpya mteremkoni, miti au nguzo zilizoanza kuinama, maji ya kijito yaliyogeuka tope ghafla, na, hatari zaidi, kijito kinachopungua ilhali mvua yaendelea kunyesha, kwani yamkini kimezibwa huko juu na kitafumuka. Aonaye hayo asingoje kuona zaidi. Apande upande, mbali na mkondo, wala asikimbie kulifuata bonde. Awaite na majirani, na uongozi wa kijiji upewe habari mara moja.

Nawe mfanyakazi uliye mjini, mwenye wazazi huko, ukienda likizo chukua rula na daftari. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa uwanjani mbali na miti na paa, litawaonyesha watoto ni milimita ngapi za mvua zimenyesha. Walisome kila siku saa 3:00 asubuhi, waandike, kisha walimwage. Baada ya misimu michache watajua mvua ipi ni ya kawaida na ipi ni ya kuogopwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali iliyo kubwa kuliko zote ni uhai.