Kifaru cha Kulima Karanga

Babu yangu pale Madimba alikuwa na stori moja tuliyoicheka kila Idi: eti Waingereza walileta vifaru kulima karanga. Aliisikia kwa wenzake waliotoka Kongwa kuja kufanya kazi Nachingwea. Sisi wajukuu tukasema hiyo chai.

Kumbe kweli. Baada ya Vita Kuu ya Pili matrekta yalikuwa adimu, na Mradi wa Karanga wa 1947 ulitaka pori lifyekwe haraka. Kampuni ya Vickers ya Uingereza ikachukua vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman, ikaondoa mzinga na sehemu ya juu, ikabakiza bodi ya chini na minyororo yake. Trekta hilo likaitwa Shervick, jina la kuungaunga.

Nguvu lilikuwa nazo, sikatai. Ila kifaru kimeundwa kwa vita, si kushinda juani kinang'oa visiki. Tena udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, na mchanga wake unasaga chuma. Spea nazo za shida. Mradi ukafutwa 1951, mashine nyingi zikaishia kuwa chuma chakavu. Hata reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilifungwa 1962, ikang'olewa. Kwetu ikabaki bandari.

Nikienda mazoezi ya kufundisha historia, somo la Mradi wa Karanga nitalianza na kifaru cha babu. Alifariki kabla sijamwambia kwamba haikuwa chai.