KWA NINI VIDEO YA DVD HUINGIA UKUNGU IKIHAMISHIWA KWENYE KOMPYUTA?



Wanafunzi wapendwa na wazazi wetu watukufu, katika nyumba zetu nyingi mna DVD zilizowekwa kabatini: harusi ya baba na mama, maulidi ya mtaani, mahafali ya madrasa, na mawaidha ya masheikh ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Mara nyingine sura na sauti ya mzee wetu haipo popote pengine ila katika kisahani hicho kimoja.

Visahani hivi havidumu milele. DVD iliyochomwa nyumbani au studio ya mtaani huandikwa juu ya tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibiwa na jua, joto na unyevu. Tena kompyuta nyingi zinazouzwa leo hazina mahali pa kutia DVD. Ndiyo maana watu wanazihamishia kwenye faili za kompyuta, nalo ni jambo jema. Lakini malalamiko ni mengi: "Ustadhi, kwenye DVD picha ilikuwa safi, kwenye faili imekuwa na ukungu." Tuangalie sababu zake na dawa zake.

KWANZA: DVD HUBEBA NINI?

Picha ya video hutengenezwa kwa vidoto vidogo sana. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki DVD nyingi zilirekodiwa kwa mfumo wa PAL. Picha yake ina vidoto 720 kwa upana na mistari 576 kutoka juu hadi chini, na hupita picha 25 kila sekunde. DVD aliyokuleteeni jamaa yenu kutoka Marekani kwa kawaida ni ya mfumo wa NTSC, yenye mistari 480 na karibu picha 30 kila sekunde. Zote hubanwa ili zienee, kwani DVD ya kawaida ya tabaka moja huchukua gigabaiti 4.7 tu.

PILI: PIMA KABLA YA KUTIBU

Ukungu ni kama homa, hauna sababu moja. Tabibu hupima kwanza, nawe fanya hivyo. Tia DVD yenyewe katika kompyuta ileile, uitazame kwa programu ya VLC ambayo hutolewa bure. Kisha fungua faili, usimamishe mahali palepale, na ulinganishe.

Ikiwa DVD nayo ina ukungu uleule, basi uhamishaji hauna kosa. Huenda DVD ilinakiliwa kutoka mkanda wa zamani wa VHS, au studio ilibana saa 6 katika kisahani kimoja. Runinga ndogo za zamani ziliuficha ukungu huo, na kioo cha kompyuta kinaufichua. Huo hauna dawa kamili.

Ikiwa unaona miraba-miraba na picha inaganda, hilo ni jambo jingine: DVD ina vumbi au mikwaruzo. Ifute kwa kitambaa laini kikavu kutoka katikati kwenda ukingoni, usifute kwa kuzungusha.

Lakini ikiwa DVD ni safi na faili ndilo lenye ukungu, sababu ni mojawapo ya hizi zifuatazo.

TATU: SABABU NA DAWA ZAKE

(a) Faili limebanwa mno. Tupige hesabu. DVD iliyojaa gigabaiti 4.7 kwa saa 2 hutoa karibu megabiti 5.2 kila sekunde. Mtu akiishusha hadi megabaiti 700 ili ienee kwenye sidii, hubaki karibu megabiti 0.8, yaani chini ya sehemu moja kwa sita. Kompyuta italazimika kutupa vitu vidogo: nyuzi za kanzu, maandishi ya ukutani, ndevu za sheikh. Njia mpya za kubana, kama H.264, ni hodari kuliko ile ya DVD, lakini nazo zina mpaka wake.

Dawa yake: usichague ukubwa wa faili, chagua ubora. Katika programu ya HandBrake, ambayo nayo ni ya bure, kuna kipimo kinachoitwa "RF". Kwa picha za DVD weka kati ya 18 na 22. Kumbuka kwamba namba ikipungua ubora unapanda na faili linakuwa kubwa.

(b) Mistari inayopishana. Hii ndiyo inayowachanganya wengi. Katika DVD nyingi zilizorekodiwa kwa kamera za zamani, kila picha moja imegawanywa mafungu mawili: mistari ya 1, 3, 5 hupigwa kwanza, kisha ya 2, 4, 6. Kwa kuwa mafungu hayo hayakupigwa kwa wakati mmoja, kitu kinachokwenda, kama mkono wa mpiga dufu, huwa mahali pawili. Ukisimamisha picha utaona kingo zake zina meno kama ya kitana.

Mbona DVD yenyewe haikuonesha meno? Kwa sababu VLC husoma alama iliyomo ndani ya DVD na kuirekebisha mistari hiyo papo hapo. Programu mbovu ya kuhamishia huiacha mistari kama ilivyo na alama hupotea. Ikiwa pia imebadilisha kimo cha picha kabla ya kuirekebisha mistari, meno huchanganyika yakawa kivuli na ukungu, na hapo faili halitengenezeki tena.

Dawa yake: katika HandBrake fungua sehemu ya "Filters" na uhakikishe kwamba "Deinterlace" haikuzimwa. Mistari irekebishwe kwanza, kimo kije baadaye.

(c) Picha imekuzwa. Wako wanaochagua 1920 kwa 1080 wakidhani picha itakuwa bora. Zidisha mwenyewe: 720 mara 576 ni vidoto 414,720, 1920 mara 1080 ni vidoto 2,073,600. Ni mara 5 kamili. Yaani katika kila vidoto vitano, kimoja ndicho kilichotoka kwenye DVD na vinne kompyuta imekisia. Acha picha katika kimo chake cha asili, na idadi ya picha kwa sekunde iwe ileile ya DVD.

(d) Faili limebanwa mara ya pili. Kuna anayehamisha vizuri, kisha akaituma video kwa WhatsApp, na jamaa huko aliko akaihifadhi hiyo. Video iliyotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa upya. Itume kama waraka, au uipeleke kwa flashi. Na ukitaka kurekebisha faili baya, rudi kwenye DVD uanze upya. Kilichotupwa na kompyuta hakirudi kwa kulibana faili hilohilo tena.

NNE: UTARATIBU WA KAZI

1. Nakili kwanza folda nzima ya VIDEO_TS kutoka DVD hadi kwenye kompyuta. Hiyo ni nakala kamili, haijapunguzwa kitu.
2. Tengeneza faili la dakika 2 tu kwa majaribio, ukichagua mahali penye watu wanaokwenda.
3. Lilinganishe na DVD. Likiridhisha, ndipo uhamishe video yote.
4. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti.
5. Usitupe DVD mpaka umetazama faili tangu mwanzo hadi mwisho.

TANO: AMANA

DVD ya sherehe ya wanawake msimpelekee kijana wa dukani awahamishieni. Hubaki nakala katika kompyuta yake, na hamjui nani ataitazama. Mabinti zetu wa madrasa jifunzeni kazi hii muwafanyie mama zenu nyumbani. Na maelezo haya ni kwa rekodi zetu wenyewe. Kazi za watu zinazouzwa zina wenyewe, na kuzinakili na kuzigawa bila idhini ni kula haki zao.

Kwa ufupi: pima kwanza, chagua ubora badala ya udogo, rekebisha mistari, usikuze picha, na usibane mara mbili. Likizo hii kila mwanafunzi amuulize bibi au babu yake DVD ziko wapi, na aanze na ile ya zamani kuliko zote, kabla rangi yake haijafifia.