Chuma cha Nyanya si cha Kupimwa kwa Kilo

Ukipita Shela, mtaa wa kale wa Malindi, mapema asubuhi, pua ndiyo itakayokuonyesha njia. Fuata harufu ya iliki na tui mpaka uone seredani na, juu yake, chuma kizito cheusi chenye vishimo vya duara. Hapo ndipo vitumbua vinapozaliwa.

Je, msomaji, kwenu kingalipo chuma kama hicho? Au kiko uvunguni, kimeshika kutu, kikingoja mwenye mkokoteni apite akinunua vyuma vikuukuu? Tahadhari! Huyo hukipima kwa kilo, na uzito wake ndio unaokiponza. Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni, na mnamo Januari 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umeme. Lakini chombo cha jikoni kwako hakuna wa kukulindia ila wewe mwenyewe.

Madukani vimejaa vya alumini, vyepesi na vya bei nafuu. Alumini hupata moto upesi, ni kweli, na hupoa upesi vilevile. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu, huchelewa kupata moto, lakini kikishaupata hukaa nao. Ukimimina unga wa baridi hakishtuki. Ndiyo maana kitumbua hupata ganda la kahawia huku ndani kikiwa laini, chenye matundu. Isitoshe, mafuta ya miaka mingi yameungulia juu yake yakawa utando mgumu usioshika unga. Utando huo huwezi kuununua dukani.

Wala si sisi pekee. Watu wa Denmark wana chuma cha vishimo cha kupikia aebleskiver, Wahindi wa kusini wana cha paniyaram, na Ulaya na Marekani wapo wanaokusanya vyuma vya kale vya kupikia wafo, zile keki bapa zenye miraba, kama wakusanyao vito.

Ukikuta cha zamani kikiuzwa, Kilifi au kwingineko, kigonge kwa ufunguo. Kikilia kama kengele ni kizima. Kikitoa sauti butu huenda kina ufa, kiache. Kutu isikutishe. Kisugue kwa mchanga mkavu, kioshe, kikaushe motoni, kisha kipake mafuta kidogo sana na ukiache motoni hadi moshi ukome. Rudia mara tatu au nne. Lakini kamwe usikitie maji baridi kingali moto. Mimi nilifanya kosa hilo mara moja, kikapasuka katikati kwa mlio uliomtoa jirani nje.

Sasa tupike. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, uuchuje, kisha uusage na kikombe kimoja na nusu cha tui zito mpaka ulainike kabisa. Tia nusu kikombe cha sukari, kijiko cha chai cha hamira, na iliki. Funika kwa saa moja hivi, uumuke. Makaa yawe ya wastani. Tia mafuta kidogo katika kila kishimo. Yakipata moto mimina unga, usijaze. Kingo zikikauka, geuza kwa kijiti.

Kitumbua cha kwanza aghalabu hushika. Hicho ni cha mpishi.